Datejust 16233: vipuri vilivyochoka vitengenezwe au vibadilishwe?

ZanakiStreet (mtoa mada)

Wakuu, naomba ushauri wa wanaozijua saa hizi kwa undani. Wa "uza ununue nyingine" naomba wapite.

Saa ni Rolex Datejust 16233, milimita 36, chuma na dhahabu, mkanda wa Jubilee, mashine ya ndani ni 3135. Namba yake inaiweka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Masikio ya bodi (zile ncha zinazoshika mkanda) bado yana kona kali, kwa hiyo haijaliwa sana na polishi.

Hali yake: nikiitikisa karibu na sikio nasikia rota (kile kibamba kizito kinachozunguka na kuijaza saa nguvu) inakwaruza. Mkanda umelegea, nikiishika kwa ubavu unaning'inia. Kichwa cha ufunguo kinafunga kwa shida, mara kinashika nyuzi mara kinateleza. Nikitoka juani nikaingia kwenye AC, kioo kinapata ukungu kwa ndani, eneo la saa 4, halafu unaondoka. Kwenye uso, ile rangi ya kung'aa gizani imepasuka alama ya saa 7, na kipande kidogo hakipo.

Fundi mmoja hapa mjini kaniandikia: rota nzima mpya, uso mpya, mishale mipya, mkanda mpya "unaofanana", kichwa, springi kuu, halafu bodi ipigwe polishi irudi kama ya dukani. Jumla yake imenikalisha chini.

Kipi hapo kinatengenezeka na kipi lazima kibadilishwe? Nawasilisha.

Fundi_Mezani

Mkuu, usilipe kwanza. Orodha hiyo imeandikwa kabla mashine haijafunguliwa na kuoshwa, na hapo ndipo watu wanapopigwa. Mafuta yaliyokauka yanafanya kila kitu kionekane kimechoka. Gurudumu linalokwama kwa uchafu na gurudumu lililolika, ukiwa nje, dalili zao ni zile zile: saa inapoteza nguvu na haikai na chaji usiku kucha. Ukishaosha ndipo unaona ncha za magurudumu kwa lenzi na kujua ipi imechimbika na ipi ilikuwa chafu tu. Dai makadirio ya hatua mbili: gharama ya kufungua, kuosha na kupima, halafu orodha ya vipuri yenye picha ya kila kilichokataliwa.

Kwa kila kipuri mimi najiuliza jambo moja: kikiachwa hivyo kilivyo, kitakula nini? Kinachokula mwenzake nakitoa bila huruma. Kilichozeeka peke yake na hakimdhuru yeyote, nakiacha.

Tuanze na rota, maana ndiyo ya haraka. Kwenye 3135 rota haina beringi ya gololi. Inakaa juu ya ekseli ndogo ya chuma inayozunguka ndani ya mawe ya rubi. Beringi ya gololi ilikuja na kizazi cha 3235, mwaka 2015. Mafuta yakikauka, ekseli inalika upande mmoja, rota inainama, na ukingo wake mzito unaanza kusugua daraja za mashine (vibamba vinavyoshikilia magurudumu) au mfuniko wa nyuma. Hicho ndicho unachokisikia.

Mfuniko ukifunguliwa, angalia vitu vitatu. Mikwaruzo ya nusu duara juu ya daraja. Mng'ao wa duara upande wa ndani wa mfuniko. Na vumbi la kijivu jeusi kwenye kona. Kisha ukingo wa rota unyanyuliwe taratibu kwa kijiti cha mbao: ikiwa nzima, inatikisika kidogo mno juu na chini, ikicheza waziwazi, ekseli imekwisha.

Dawa yake ni ekseli, si rota nzima. Ya zamani inasukumwa nje kwenye kibao cha kugongea, mpya inawekwa na kupigwa ribiti. Mawe yakaguliwe kwa lenzi ya mara 10, likiwa na ufa nalo litoke. Kazi ni ndogo ila inataka mkono: ribiti ikipigwa bila kuegemezwa sawasawa, ekseli inakaa mshazari na baada ya muda mfupi kelele inarudi pale pale. Anayeandika "rota nzima" mara nyingi hana kibao cha kugongea. Rota orijino yenye maandishi yake ni sehemu ya thamani ya saa, ibaki.

Ile mikwaruzo kwenye daraja usikubali isuguliwe. Haidhuru kitu, na ukiisugua unaondoa na urembo wa kiwandani.

Lile vumbi linakwenda pia kwenye yale magurudumu mawili mekundu yanayogeuza mzunguko wa rota. Rangi nyekundu ni utando wa kupunguza msuguano. Ukiwa umekwanguka kwenye meno, yabadilishwe. Ukiwa mzima, yaoshwe tu.

Springi kuu ibadilishwe, hapo fundi wako yuko sahihi. Ni kipuri cha bei ndogo ukilinganisha na kazi ya kufungua, na kila huduma kubwa hubadilishwa.

Kichwa nacho kibadilishwe, lakini si peke yake. Kinafunga juu ya bomba lenye nyuzi lililokazwa kwenye bodi. Nyuzi hizo mbili zimelana miaka 30. Ukiweka kichwa kipya juu ya bomba la zamani, bomba linakula nyuzi mpya na unarudi kulekule. Kinunuliwe kichwa na bomba, pamoja. Datejust hutumia mfumo wa Twinlock, raba moja ndani ya kichwa na nyingine ndani ya bomba, kwa hiyo kubadili vyote viwili kunakupa pia raba zote mpya. Kuna watu wanang'oa bomba kwa koleo. Ukiona koleo mezani, chukua saa yako uondoke; kuna kifaa chake chenye meno kinachoingia ndani ya bomba. Nyuzi za upande wa bodi zikiharibika, hapo sasa ni kazi ya kukereza, na gharama ni nyingine kabisa.

Ukungu: hewa iliyo ndani ya saa ina unyevu. Kioo kikipoa na AC kuliko kiwango ambacho unyevu ule unavumilia kubaki hewani, unageuka matone ya ukungu kwa ndani. Saa kavu haifanyi hivyo hata uitie friji. Maana yake maji au hewa ya Dar inaingia sasa hivi, na kila siku unayoivaa mashine inaoga chumvi. Ivue leo. Usivute kichwa "ipigwe upepo", utaongeza unyevu.

Pingili

Nichukue mkanda, maana hapo ndipo wengi wanatupa mali.

Mkanda "kurefuka" si chuma kuvutika. Ndani ya kila kiungo kuna pini. Vumbi na jasho vinachanganyika vinakuwa kama msasa wa maji, pini inalika inakuwa nyembamba katikati, na tundu la pingili linatanuka linakuwa la umbo la yai. Kiungo kimoja kinacheza kidogo sana, lakini Jubilee ina viungo vingi, zidisha. Kwenye chuma na dhahabu hali ni mbaya zaidi kwa sababu dhahabu ya karati 18 ni laini kuliko chuma, na pingili za katikati za enzi hiyo ziko wazi ndani, hazijajaa.

Kipimo: ishike saa kwa ubavu, mkanda ukiwa umenyooka kwenda pembeni, uso ukitazama ukuta. Piga picha. Ukishuka kidogo kama upinde mwepesi, uache, osha tu. Ukishuka hadi pingili zinaachana na unaona mwanga kati yake, utengenezwe.

Matengenezo yanayoeleweka ni kutoa pini zote, kurudisha matundu kwenye duara kwa kuingiza vijibomba vyembamba au kujaza kwa leza, kisha pini mpya za kipenyo sahihi. Kuna njia ya mkato: kubana pingili kwa koleo ili pini ishikwe. Siku ya kwanza mkanda unakaa vizuri sana. Halafu pingili tupu za dhahabu zinapasuka kwenye ukingo na haziokoleki tena. Muulize fundi swali moja tu, "unabana au unaweka vijibomba?" Akijibu "yote sawa", shukuru uende.

Huo mkanda "unaofanana" ni wa kupakwa rangi ya dhahabu. Kwa jasho la hapa, rangi inachubuka kwenye kifungo kwanza. Mbaya zaidi ni zile pingili za mwisho zinazoingia kati ya masikio: zisipokaa sawa zinatikisika na kusaga masikio ya bodi kwa ndani. Kwa kipimo cha Fundi_Mezani, mkanda wa bei ya chini unakula bodi. Kama unataka kuivaa saa huku mkanda orijino ukiwa matengenezoni, weka mkanda wa ngozi wa milimita 20 na pini mpya za springi. Utakaa salama.

Na mkanda wako usioshwe ukiwa bado umefungwa kwenye saa hadi suala la kichwa liishe. Utolewe, uloweke kwenye maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, mswaki laini, suuza, kausha kwa kitambaa. Maji yatakayotoka yatakueleza kwa nini pini zimelika.

mbezi_beach_07

Mbona mnazunguka? Mpe Rolex wenyewe kwa wakala wao nje, ikirudi ina waranti ya miaka miwili na kila kitu orijino. Fundi maiko wa mjini wa nini?

Sanduku_la_Zamani

@mbezi_beach_07 waranti ni kweli, na kwa mashine hakuna atakayekulaumu. Tatizo ni kwamba kazi ya kituo cha huduma ni kukurudishia saa inayofanya kazi kama mpya, si kulinda umri wake. Usipoandika maelekezo, inaweza kurudi na uso mpya, mishale mipya na bodi iliyong'arishwa, na vya zamani usivione.

Mtoa mada, uso wako ndio kitu cha mwisho kugusa. Tazama chini kabisa, saa 6. Kama umeandikwa T SWISS T au SWISS – T<25, rangi yake ni ya tritiamu, kemikali yenye mionzi hafifu iliyokuwa ikiifanya ing'ae gizani. Nusu ya nguvu ya tritiamu hupotea kila baada ya miaka 12.3, kwa hiyo iliyowekwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 imebaki chini ya robo. Haing'ai tena na haitang'aa. Rolex iliachana nayo mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990 na kwenda Luminova, rangi ya kung'aa isiyo na mionzi. Uso wa huduma utakaowekewa leo hautakuwa na zile T, na mnunuzi anayejua ataliona hilo kabla hajaangalia kitu kingine.

Lakini kipande kilichodondoka kisipuuzwe. Uso wenyewe hauli chochote, ila ile rangi ikimeguka, punje zake zinaanguka kwenye mashine, zinaingia kwenye meno ya magurudumu. Kinachofanyika ni kuidhibiti iliyobaki: tone dogo la gundi nyepesi pembezoni mwa alama zenye ufa, na kwenye mishale tone linapakwa kwa nyuma ambako halionekani. Lile pengo la saa 7 liache, au lijazwe kwa rangi iliyochanganywa ifanane na nyingine, isiyong'aa. Ukijaza Luminova mpya hapo, usiku utakuwa na nukta moja inayowaka kama taa ya bodaboda na nyingine zote zimelala.

Tahadhari: yule anayefungua asipulizie ule unga kwa mdomo. Mionzi ya tritiamu ni dhaifu, kioo kinaizuia, lakini haifai kuvutwa pumzi.

Kuhusu polishi, umeshasema mwenyewe kona bado ni kali. Basi. Polishi ni kuondoa chuma, na chuma kilichoondoka hakirudi isipokuwa kwa kuchomelea kwa leza. Waambie kwa maandishi: "Bodi ising'arishwe. Uso na mishale isibadilishwe. Kila kipuri kinachotolewa kirudishwe kwenye mfuko." Wanaweza kukataa baadhi, au wakakuambia hawataikubali kazi bila kubadili kitu fulani. Ni bora ukijua kabla.

ZanakiStreet

Asanteni sana wakuu. Uso unasoma T SWISS T. Saa nimeivua.

Nimepata fundi mwingine mwenye mashine ya kupimia mapigo. Matokeo: ikilala uso juu, sekunde +9 kwa siku, mbembeo (upana wa mzunguko wa balansi, gurudumu linaloyumba kuhesabu mapigo) digrii 238, kosa la pigo (tofauti kati ya "tik" na "tak") milisekunde 0.6. Ikisimama, kichwa kikiwa chini, mbembeo 196. Kafungua mfuniko: mikwaruzo ya nusu duara ipo, vumbi lipo. Pia kuna vishimo vya kutu kwenye bodi pale raba ya mfuniko inapokalia.

Maswali: (1) ekseli aliyonayo si ya Rolex, ni ya kiwanda kingine. Niikubali? (2) Vile vishimo vina maana gani? (3) Nikiamua kupeleka nje, kuna la kuzingatia upande wa forodha?

Fundi_Mezani

Kwanza hakikisha ule mbembeo ulipimwa saa ikiwa imejazwa ufunguo kamili, mizunguko 40 hivi ya kichwa, na mashine ya kupimia iliwekewa pembe ya kukokotolea mbembeo ya digrii 52, ambayo ndiyo ya 3135. Wengi wanaacha ile iliyokuja na mashine, na namba zote zinapotoka. Kama vyote vilikuwa sawa, 238 ikilala na 196 ikisimama ni saa yenye kiu ya mafuta. Ikishahudumiwa tarajia 270 kwenda juu ikilala, na baada ya saa 24 isishuke chini ya 200 ikisimama. Ikiwa imeoshwa, imepakwa mafuta, ina springi mpya na bado haifiki, sasa ndipo utafute ncha zilizolika. Ncha yenye mkwaruzo mwepesi inang'arishwa. Yenye mfereji inatupwa na gurudumu lake, kwa sababu ukiinyoosha inakuwa nyembamba na kucheza ndani ya jiwe.

Ile +9 isikutishe wala isirekebishwe sasa. Balansi ya 3135 haina mkono wa kusogeza. Inarekebishwa kwa nati ndogo za Microstella kwa ndani ya ukingo wake, kwa ufunguo maalumu. Fundi asiye na ufunguo huo asiguse balansi kabisa. Kosa la 0.6 ni la kawaida.

(1) Ekseli ya kiwanda kingine inaweza kufanya kazi vizuri ikiwa vipimo vyake ni sahihi. Ipimwe kwa maikromita pamoja na ya zamani, mahali ambapo haijalika. Ila fahamu masharti: ukija kuipeleka Rolex, wanaweza kugoma kuihudumia hadi kila kisicho chao kitoke, kwa gharama yako. Kwa hiyo amua njia moja mapema. Kama itabaki kwa mafundi huru, ekseli, springi na raba za nje naweza kuzikubali. Kichwa na bomba nasubiri orijino hata ikichukua miezi, kwa sababu hapo kosa dogo la nyuzi ni maji ndani.

(2) Vishimo ndivyo vinavyonipa wasiwasi kuliko rota. Chini ya raba hewa haifiki, chumvi ya jasho inabaki, na chuma kinaliwa pale pale penye kubana. Safisha kwanza kwa kijiti cha mbao, usitumie bisibisi, halafu angalia njia ya raba. Vishimo vikiwa nje ya mstari wa raba, saa inaweza kuziba na unaviacha. Vikikatiza mstari, hakuna raba duniani itakayoziba, hata ujaze grisi ya silikoni kopo zima. Hapo vinajazwa kwa leza kwa waya wa chuma cha aina ile ile, kisha sehemu ile inakerezwa irudi bapa. Usikubali bodi mpya kwa haraka: namba ya saa imechongwa kati ya masikio upande wa saa 6, na bodi ikiondoka na namba imeondoka.

Baada ya yote ipimwe kwa mashine ya hewa, bila maji. Ikipita, fanya na hiki: saa iwekwe juu ya bamba la joto la digrii 40 hadi 45 mpaka ipate moto wote, weka tone la maji ya kawaida katikati ya kioo, subiri dakika moja, futa. Ukungu ukionekana ndani, kuna unyevu. Ifunguliwe tena.

Sanduku_la_Zamani

(3) Kabla haijatoka, nenda forodha upate hati inayoonyesha kuwa inatoka kwa matengenezo na itarudi, yenye namba ya saa na ya modeli, hiyo ya pili iko kati ya masikio upande wa saa 12. Picha za namba zote mbili, za uso kwa karibu na za masikio zikae na hati. Bila hiyo ikirudi inaonekana ni mzigo mpya wa anasa, na wewe ndiye utakayethibitisha vinginevyo. Ankara ya fundi itenganishe gharama ya kazi na vipuri.

Pia soma masharti ya kampuni ya usafirishaji. Nyingi hazibebi vito na saa za thamani, au zinapokea huku fidia ikiwa ndogo kupindukia. Bima iwe ya thamani halisi, na iandikwe kabla sanduku halijafungwa.

Pingili

Nyongeza: ikienda nje, tuma saa yenyewe peke yake bila mkanda. Mkanda uende kwa mtu wa mikanda. Ukivipeleka pamoja, kituo kitakuandikia mkanda mpya kabla hujamaliza kusoma barua yao.

ZanakiStreet

Vishimo vimesafishwa. Viwili viko nje ya mstari wa raba, kimoja kinakatiza. Natafuta mwenye leza. Kama kuna anayemjua hapa Dar anayechomelea bodi za saa, si bangili za mapambo, anicheki PM.

Fundi_Mezani

Ukimpata, mashine itolewe kabla bodi haijakaribia leza, na uso ubaki kwenye kopo lenye mfuniko. Mwambie ajaze kile kinachokatiza tu. Vile viwili aviache.